Hana Eda

Jadida, Wete
10 Februari 1960

Kwa binamu yangu Mize binti Mabruki, mtani wangu tangu siku tulizokuwa tukigombania ukoko wa chungu cha bibi yetu,

Pokea salamu za watu wote wa huku. Sisi wazima, ila uzima wa watu wa umri wetu unaujua: asubuhi ni goti, jioni ni mgongo. Ramadhani iko mlangoni na Mwanawema ameshanunua tambi na maharagwe. Karafuu za mwaka huu zilikuwa chache, maneno yakawa mengi. Siku hizi hapa Wete mtu hanunui sukari mpaka ajue duka ni la chama gani, na watu niliowafundisha kusoma mimi mwenyewe hunijibu salamu kwa kugeuza uso. Sijui wamenipa chama gani. Mimi sijajipa chochote.

Afya yangu si mbaya. Tangu mwaka jana daktari ameniambia nina presha, yaani damu inasukuma kwa nguvu kuliko mishipa inavyopenda, akanipa vidonge vidogo vyeupe. Kichwa hakinigongi tena. Ila pua imeziba kama mtu mwenye mafua yasiyokwisha, mchana nasinzia, usiku silali, na moyo umeingiwa na kiza nisichojua kilikotoka. Natembea ukumbini huku na huku, mpaka Mwanawema huniuliza nimepoteza nini.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Nina rafiki yangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye baada ya kufiwa na mkewe ameoa mke mwingine. Tangu aoe, mambo ya ndani hayajamkalia sawa. Kila akijaribu, mwili haumsikii. Nasikia huko Tanga yuko mzee anayeuza mizizi inayosaidia watu wa namna hiyo. Nakuomba umuulizie, na ukiipata umpe mtu yeyote anayevuka kuja Wete. Ifungwe vizuri na isiandikwe jina.

Niwie radhi kwa mwandiko. Naandika nimesimama. Kiti siku hizi hakinikalishi.

Ndugu yako,
Mjaka bin Kificho


Tanga
3 Machi 1960

Ewe Mjaka,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu pamoja na za wajukuu, ambao ni wengi kuliko vitanda. Binti yangu Mwanaasha kajifungua mtoto wa kiume. Wamempa jina la babu yake, marehemu Nassor wangu, basi mie namwita mume wangu na yeye hunikojolea kila nikimpakata. Saumu imetushika na joto, lakini tunakwenda.

Nakuja kwa rafiki yako. Mpe pole sana. Mwambie kwamba mie binamu yako nilicheka mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini. Mtu mwenye heshima zake, kafiwa na mke, kaoa mwingine: ni yule ambaye mie nilivuka bahari na kutapika njia nzima ili nije nile biriani ya harusi yake, au ni mwingine?

Mizizi situmi. Huyo mzee namjua. Mizizi yake ni ya muhogo na nusu ya wanaume wa barabara yetu wamekwisha kuila bila faida. Nataka weye unijibu kwanza. Rafiki yako anameza vidonge vyeupe? Alianza kuvimeza kabla ya harusi au baada yake? Na mkewe kaambiwa nini? Katika barua yako nzima Mwanawema ananunua tambi na anauliza umepoteza nini. Swali lake ni zuri. Ulimjibuje?

Nina sababu ya kuuliza, na sababu hiyo siiandiki leo.

Mimi mtani wako,
Mize


Jadida, Wete
12 Aprili 1960

Kwa Mize,

Hongera kwa mjukuu. Mungu amkuze. Sikukuu tumeila salama, ingawa watu wa chama hiki hawakwenda kuwapa mkono wa Idi watu wa chama kile, na mbuzi wengi wameliwa na watu wachache.

Barua yako niliiweka chini ya godoro, kisha nikaiondoa huko, nikaona godoro si mahali pa barua kama ile. Rafiki yangu hajambo. Tusimtaje tena.

Mize, nimepelekwa kwa kadhi.

Sikukuu ilipokwisha alikuja Nyange, kaka yake Mwanawema. Alikaa, kahawa hakuigusa. Akasema dada yake yuko nyumbani kwangu tangu Septemba kama mgeni, tena mgeni anayefua. Tulikwenda sote watatu. Kadhi wetu ni kijana kwangu, na alinisikiliza akitazama mkeka. Mwanawema alisema kwa sauti ndogo lakini alisema: ndoa yetu haijaingiliwa. Kadhi akaniuliza, nikakubali. Akanipa mwaka mmoja, kama sheria inavyotaka. Wewe hukusoma vitabu hivi, basi nikueleze. Mume wa namna hii hupewa mwaka mzima ili misimu yote impitie, kaskazi na masika, kusi na vuli, kwa kuwa huenda ni baridi iliyomzuia na joto litamfungua, au ni joto na baridi ndiyo itakayomfaa. Mwaka ukipita bila kitu, mke ana haki ya kuivunja ndoa. Nilikisoma kitabu hicho ujanani na nikaona wazee wale walikuwa na huruma. Sikuwaza kwamba mfano wao nitakuwa mimi.

Vidonge sikuvitaja. Kadhi hakuviuliza.

Naamini nimefungwa kwa uchawi. Mume wa kwanza wa Mwanawema ni muuza samaki wa Wesha, na watu wananiambia hajamsahau. Nimemwendea mtu huko mashamba, ananiandikia makombe, aya za zafarani sahanini zinazoyeyushwa kwa maji, nayanywa asubuhi kabla ya chai. Nilimuuliza Mwanawema kama anapelekewa salamu na mtu wa Wesha. Aliniangalia tu, akaingia chumbani akafunga mlango. Mtu asiye na jambo hujibu.

Daktari aliniuliza juzi, mambo ya nyumbani vipi? Himid alikuwa amesimama hapo hapo, ndiye anayenifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi na kusukuma mpira. Himid niliyemfundisha alfabeti. Nikasema alhamdulillahi.

Masika yameanza. Mvua ikinyesha siwezi kutoka, basi nauzunguka ukumbi. Msimu wa kwanza unakwenda.

Mjaka


Tanga
20 Juni 1960

Binamu yangu Mjaka,

Hatujambo. Mtoto ameota meno mawili na anayatumia. Mvua zimebomoa jiko letu, tumejenga jingine. Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua hii nimeiandika na kuichana, na mie si mtu wa kuchana karatasi.

Kaa chini usome. Najua unasoma unatembea.

Marehemu Nassor alipewa vidonge kama vyako, kwa maradhi kama yako. Pua yake iliziba kama yako. Akawa mkimya, mwenye kulia bila msiba, yeye aliyekuwa kicheko cha mtaa. Na kitandani akanipa mgongo. Mjaka, nilijifukiza udi mpaka nguo zikanuka moshi. Nilijisugua liwa, nikanunua kanga mpya, nikabadili manukato. Nilikwenda kwa somo wangu, kikongwe yule aliyenifunda nilipokuwa mwari, mimi mama mzima mwenye wajukuu, nikamuuliza nimesahau fundisho gani. Kwanza nilijua ana mwanamke mwingine. Nikamfuata mpaka sokoni, nikamkuta ananunua ndimu. Baadaye nikajua hana mtu, ila mimi ndiye niliyechakaa. Miaka mitatu nilikuwa najiangalia kwenye kioo kama ninayetazama nyumba inayovuja.

Kisha akaniambia. Ni vidonge. Daktari alimweleza zamani kwamba maradhi yenyewe huweza kumlegeza mwanamume, na dawa yake nayo huweza, na kwamba akiona hivyo aseme. Hakusema. Alinificha ili asijione mdogo, akaniacha mie nijione si kitu.

Kwa hiyo hukufungwa. Mwache muuza samaki wa Wesha na samaki wake. Nenda kwa daktari umwambie kwa mdomo wako, sio kwa mdomo wa rafiki yako. Himid akiwepo, na awepo. Weye ulimfuta kamasi, basi naye akuvumilie zako. Ukitoka huko, mwambie Mwanawema. Umemtuhumu mke kwa jambo lililomo kwenye kichupa chako.

Na vidonge usiviache kwa shauri lako mwenyewe. Hilo nalipigia mstari. Usiniulize Nassor alikufaje.

Mize


Jadida, Wete
25 Septemba 1960

Kwa binamu Mize, salamu na shukrani,

Huku ni mavuno. Kila uwanja umeanikwa karafuu, na mtoto akipita na mguu mchafu anapigiwa kelele na mtaa mzima. Pua yangu imefunguka. Nimezisikia karafuu za mwaka huu kama nilivyozisikia nikiwa kijana, na machozi yalinitoka.

Vidonge nimeviacha. Wewe ndiye uliyenionyesha adui yangu, basi shukrani ni zako. Kwa daktari sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingi.

Lile jambo la kadhi nalo limekwisha. Hatukungoja mwaka. Mwanawema yuko nyumbani. Zaidi ya hapo sina haja ya kukuandikia, yapo mambo ya mume na mke ambayo hata binamu hayamhusu.

Kichwa kinagonga kidogo nyakati za asubuhi. Ni jua la mavuno.

Usijisumbue kujibu upesi.

Mjaka


Tanga
18 Novemba 1960

Mjaka,

Wote wazima. Leo salamu zangu ni fupi, unisamehe.

Mwatum, jirani yako wa nyumba ya tatu, amekuja Tanga kumuuguza dada yake. Nilimpikia, tukakaa. Sikumuuliza kitu. Aliniambia mwenyewe, tena akijisifu kwa ajili yako: kwamba binamu yangu alisimama mbele ya kadhi akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba amemwingilia mkewe, na kadhi akaipokea kauli yake kwa kiapo kama sheria ilivyo, na mwanamke akaambiwa arudi kwa mumewe. Akasema Mwanawema alikana mpaka sauti ikamkauka. Akasema tena kwamba kwenye arusi moja ya Jadida wanawake walisogeza mikeka yao asikae karibu nao, kwa kuwa ni mwanamke aliyemsingizia mume mzee ili arudi kwa muuza samaki. Mwatum alicheka alipofika hapo.

Mie sikucheka. Ulinena kweli, Mjaka? Nakuuliza weye, na swali hili halina mlango wa nyuma.

Nilikukataza usiniulize Nassor alikufaje. Nimekuona unavyofanya na mambo yasiyosemwa, basi nitasema. Aliponiambia kwamba ni vidonge, nilifurahi. Nilifurahi, Mjaka, kwa kuwa kosa halikuwa langu. Nikamwambia, viache basi. Hakutaka. Nikamwambia tena, nikamwambia kwa utani, kwa kununa, kwa kulia, na mwisho akavitupa chooni mbele yangu ili nione. Mwezi wa Rajabu wote tulikuwa kama watu waliooana juzi. Mie bibi wa watu niliimba nikisonga ugali. Shaaban ilipoandama, alianguka akitia udhu, upande mmoja wa uso ukashuka, na kabla ya adhana ya pili alikuwa maiti. Watoto wangu wanajua baba yao alikufa kwa presha. Hawajui ni nani aliyemwambia aiache dawa.

Hilo sijamwambia mtu mwingine. Rudi kwenye vidonge vyako. Rudi leo, hata kama bado u mwongo.

Mize


Jadida, Wete
22 Machi 1961

Kwa Mize, binti wa shangazi yangu,

Huu si mwandiko wa mtoto, ni mkono wangu wa kushoto. Wa kulia umelala tangu mwisho wa Desemba. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea kesho yake, na barua hii imechukua siku nyingi za saumu, na Idi imenikuta sijaimaliza. Uchaguzi wa Januari umepita nikiwa kitandani; nasikia kura zilihesabiwa na watu hawakuridhika. Mimi miguu imetulia sasa. Moyo ndio unaozunguka ukumbini badala yake.

Kwanza Nassor. Uliyoyabeba nimeyasoma, nami sina la kukuhukumu. Alikuficha miaka mitatu. Lau angelisema mwezi wa kwanza, mngelikwenda kwa daktari pamoja. Lile la kuvitupa lilikuwa tunda la lile la kunyamaza. Nasema hivi nikiwa mtu aliyefanya yote mawili peke yake, bila mke wa kumsukuma.

Sasa swali lako. Sikunena kweli.

Nilivitupa vidonge mwezi wa Julai, baada ya barua yako, nikiwa nimesoma nusu yake niliyoipenda na kuruka uliyoipigia mstari. Wiki za mwanzo hakuna kilichobadilika, ila pua. Kisha siku mbili tatu niliamka asubuhi nikahisi kama zamani, Mize. Lakini kila nilipomwendea Mwanawema, hofu ilitangulia kufika. Kusi ilikuwa inavuma, nikahesabu msimu mwingine umepita. Nikaona kwamba mwili unarudi, ni suala la siku tu, na kwa nini basi ningoje watu wanitazame mwaka mzima kama karafuu zilizoanikwa? Nikajiambia kwamba nitaapa leo kwa jambo litakalokuwa kweli kesho. Hivyo ndivyo msomi anavyojidanganya. Mjinga angelijua kuwa ni uongo tu.

Nilijua sheria. Mke alikwisha kuolewa kabla yangu, basi hakuna wanawake wa kumkagua ubikira. Akikana, husikilizwa mume na kiapo chake. Niliijua njia hiyo kama ninavyoijua ya kwenda msikitini, na niliipita nikiwa na kanzu safi.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele. Hakulia. Aliteka maji, akaniwekea ya kuoga, kisha akasimama mlangoni mwa chumba. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Mwalimu, nilipokuwa nikikuuliza una nini, ulikuwa ukiniambia umechoka. Na mtu aliyechoka ningelikaa naye mpaka azeeke na mimi nizeeke. Wewe ukanitajia Wesha. Ndiyo maana nilikwenda kwa kadhi. Leo umeniapia Mungu. Kukaa na mtu aliyeniapia siwezi, ila nimeamriwa."

Akakaa, kwa kuwa aliamriwa. Akapika, akafua, akaacha kuzungumza. Wanawake wa mtaa walipomkwepa, aliacha kwenda kwenye arusi. Zile siku mbili tatu za asubuhi nazo hazikurudi tena. Kichwa kikawa kinagonga kutwa. Barua yako ya Novemba niliisoma, nikaikunja, nikasema kesho nitakwenda kwa daktari. Nilisema hivyo mpaka Desemba, nikaanguka kwenye ngazi za msikiti na nusu ya mwili ikabaki pale.

Aliyeniuguza ni yeye. Amenigeuza, amenisafisha, amenilisha uji kwa kijiko, bila ya neno. Mke anayetukana mtu unaweza kumvumilia. Mimi nilikuwa nalishwa na mtu niliyemwita mwongo mbele ya msahafu, na kijiko kilikuwa hakitetemeki.

Daktari alikuja nyumbani na Himid. Safari hii nilisema, na ulimi mzito huu, Himid akiwa ameushika mkono wangu kwenye kile kitambaa. Himid aliendelea kutazama kipimo kama kwamba nasoma hali ya hewa. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisema maneno yale yale aliyoambiwa Nassor: maradhi yenyewe huweza kuleta hali hiyo, na vidonge huweza, wanaume wengi inawapata, na wengi hujibu alhamdulillahi. Lau ningelimwambia mwezi wa kwanza, angelipunguza au angelinipa vya aina nyingine, tukaangalia. Kitu ambacho hakifanyiki ni mtu kuviacha ghafla, mwenyewe. Kisha akasema kwa upole kwamba damu yangu bado iko juu mno, na kama nina jambo la kutengeneza nisilicheleweshe.

Nilikuwa nalo. Ulifikirie, Mize, kama nilivyolifikiria mimi nikitazama dari. Nikifa nikiwa mumewe, Mwanawema atakaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii, akinilia mimi, na mji utasema alikuwa mke wa mwanamume kamili aliyemsingizia. Kiapo changu kitaingia kaburini pamoja nami na hakitafukuliwa. Yeye ana miaka thelathini na mitano na anataka mtoto. Kila mwezi anaokaa hapa nimemchukulia kwa uongo.

Niliwaita kadhi, Nyange na mashahidi wawili. Wakakaa ukumbini, nikabebwa. Nilisema kwamba naapa sasa kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa cha uongo, kwamba sikumgusa mke huyu tangu nimwoe, kwamba alisema kweli siku ile na mimi nikamkanusha. Nikamwacha talaka moja. Nyange alikuwa ameinamisha kichwa. Kadhi ni mtu mwema. Aliona uso wangu ulivyo, akataka kunifunika. Akasema taratibu kwamba maneno haya yatabaki baina yetu, mke ataandikiwa talaka ya kawaida, atakaa eda yake ya tohara tatu baina ya hedhi, na heshima ya Mwalimu itakuwa pale pale.

"Hana eda," nikasema.

Akanitazama. "Mwalimu, unajua watu watakavyolifahamu neno hilo?"

"Kitabu hicho nilikisoma kabla hujazaliwa. Mke asiyeingiliwa hana eda. Mwandikie hivyo."

Akaandika. Nilikwisha kuagiza maskini walishwe kafara ya kiapo, lakini chakula kile hakikuniweka huru kama kalamu ile ilivyokuwa ikikwaruza.

Mwanawema alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka na furushi la nguo zake na ndoo yake ya shaba aliyokuja nayo. Ilikuwa mchana, jua la utosini, wanawake wote wa Jadida wako barazani wanachambua mchele wa futari. Mwanamke aliyeachwa hujifungia akae eda. Yeye alipita katikati ya njia, akapita mbele ya nyumba ya Mwatum, akaelekea nyumbani kwa kaka yake, na kesho yake akaonekana sokoni anachagua ndizi. Basi wakajua. Ilipofika alasiri, hakuna nyumba Wete ambayo haikujua kwamba Mwalimu Mjaka hakuwa mume wa mtu. Mwatum, nasikia, alimpelekea sahani ya kaimati, ikarudishwa ikiwa imejaa vile vile.

Kwenye mlango siku ile, kabla ya kutoka, Mwanawema aligeuka akaniambia kichupa cha dawa kiko kwenye dirisha la kushoto, mahali mkono wangu mzima unapofika. Nami nimekuwa nikiyatafuta maneno mengine ndani ya hayo, sijayapata.

Vidonge navimeza, vya aina nyingine. Nimemwomba Mungu siku chache za kutosha kuimaliza barua hii, amenipa zaidi.

Jana alikuja Msellem. Unamkumbuka, yule mrefu wa baraza letu, aliyekuwa akinitania kwamba nimeoa binti yangu. Tangu habari itoke watu wa baraza hawajanikanyagia mlango, kila mtu anaona haya kwa niaba yangu. Alikaa kwenye kiti changu. Alisifu uji. Alisema mvua zimechelewa. Akainuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena, na mimi nikautambua mwendo ule kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Mwishowe akasimama amenipa mgongo, akasema kuna rafiki yake mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, anayemeza vidonge.

Nilicheka, Mize, kwa nusu ya mdomo niliyonayo. Nikamwambia Himid huja hapa kila Jumanne na kipimo chake. Amlete huyo rafiki. Na rafiki aje na mkewe.

Ndugu yako, na mtani wako mpaka waje kunifunga sanda,
Mjaka bin Kificho